Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tabora: amri ya jukwaani si sheria

Kwenu Waheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Wakuu wa Wilaya, Wabunge, Meya wa Manispaa, Wenyeviti wa Halmashauri, Wakurugenzi, Madiwani, na Wenyeviti wa vijiji na mitaa, kuanzia Igunga na Nzega hadi Kaliua na Sikonge.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba niingie katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na kazi hiyo ilikuwa ya kuhesabu akidi, kuandika muhtasari, kusoma mapato na matumizi mbele ya wenye mali, na kumsikiliza mwanachama anayesimama nyuma kabisa ya ukumbi akasema kwamba hakubali. Ninawaandikia kwa sababu mkoani kwetu umeota mizizi mtindo wa uongozi usio na akidi, usio na muhtasari, na usio na nafasi ya huyo mtu wa nyuma. Ni uongozi wa ziara na jukwaa. Msafara unafika, kero zinasomwa, kiongozi anashika kipaza sauti na kutoa siku saba, anamsimamisha kazi mtendaji mbele ya wanakijiji wake, anamwagiza askari amweke ndani mtu aliyelalamikiwa, makofi na vigelegele vinapigwa, kisha msafara unaondoka kuelekea kijiji kinachofuata.

Sitaki nionekane sielewi kwa nini mtindo huo unapendwa. Mwanamke aliyesubiri kisima kwa miaka mingi, ambaye kila alipouliza aliambiwa mchakato unaendelea, ana haki ya kufurahi anapomwona mtu mmoja mwenye sauti akiwahoji waliomdanganya. Makofi yale ni ya kweli. Lakini yanapigwa kwa sababu njia zote za kawaida zimekufa: mkutano wa kijiji hauitishwi, diwani haonekani baada ya uchaguzi, mbao za matangazo hazina karatasi, na barua kwa mkurugenzi hazijibiwi. Kiongozi anayekuja kutatua kwa amri yale ambayo vikao vilipaswa kuyatatua kwa utaratibu anaacha vikao hivyo vikiwa dhaifu zaidi ya alivyovikuta, kwa sababu amewafundisha watu kwamba dawa ni kungoja msafara mwingine.

Hoja yangu kwenu ni kwamba katika demokrasia kiongozi hana mamlaka ya kwake. Ana sehemu tu ya mamlaka, aliyokabidhiwa kwa muda, kwa kazi iliyotajwa, na kwa masharti yaliyoandikwa. Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 146 inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo tunayasikia katika semina hadi yamechakaa masikioni, lakini yana matokeo ya kisheria: kila amri inayotolewa na kiongozi lazima iwe na mahali ilipotoka, na asiyeweza kuonyesha mahali hapo ametoa maoni yake tu, hata kama ameyatoa kwa kipaza sauti na akiwa amezungukwa na askari.

Sisi wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa mjini kwetu, na ajenda yake nzito ilikuwa uchaguzi wa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena mpiga kura mwenyewe awe na kiwango fulani cha elimu, kipato au cheo. Ulikuwa utaratibu wa kudhalilisha, na wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kuususia. Mwalimu Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia viti wapinzani wa uhuru, na akasimama kusema hivyo mbele ya watu waliokuwa na hasira, ambao wangeweza kumkataa. Hakuwa na askari wa kumweka ndani mjumbe yeyote. Alichokuwa nacho ni hoja. Alizieleza, zikapingwa, akazieleza tena, na mwishoni mkutano ukapiga kura na kukubali kuingia katika uchaguzi. Ndiyo maana historia inauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubaliana, aliondoka akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama dhidi ya Mwalimu katika uchaguzi wa Rais. Alipata kura chache sana, lakini alisimama.

Naomba mlitazame tukio hilo kwa makini, kwa sababu linajibu swali ambalo viongozi wengi huliuliza kwa nia njema: je, kuwekewa mipaka si kumfanya kiongozi awe tarishi wa umati? Hapana. Mwaka 1958 kiongozi alikwenda kinyume na hisia za wengi, na alikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye jambo linalofanana na hilo lilitokea tena: Tume ya Jaji Nyalali ya 1991 ilikuta kwamba Watanzania wengi waliohojiwa, karibu wanane katika kila kumi, walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kazi ya kiongozi ni kuona mbele na kuwa na ujasiri wa kuwaambia watu wasiyotaka kuyasikia. Mpaka wake uko katika namna anavyofika huko. Anatakiwa kuwashawishi watu walio huru kumkatalia, na akishindwa kuwashawishi, akubali kushindwa au aachie nafasi.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao pia ni historia yetu na unauma zaidi. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na shughuli zake zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Mwaka 1973 ikatolewa amri kwamba watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji vya ujamaa kabla ya mwisho wa 1976. Jambo ambalo tangu 1967 lilihubiriwa kuwa la hiari likageuka operesheni. Familia zilihamishwa, nyumba nyingine zikabomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi, na katika sehemu nyingi wakulima wakajikuta wamepangwa kando ya barabara, mbali na mashamba waliyoyafahamu udongo wake. Kisha mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na tumbaku ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Katika muda usiotimia miaka mitano, mkulima wa Unyamwezi alipoteza diwani aliyeweza kumtuma, chama alichoweza kukihoji, na mahali pa kujenga nyumba alipopachagua mwenyewe.

Sidai kwamba waliotoa amri zile walikuwa watu wabaya. Wengi wao walitaka kwa dhati watoto wapate shule, zahanati na maji ya bomba, na kweli huduma hizo ziliongezeka. Hilo ndilo linalonishughulisha. Mtu yuleyule aliyewashawishi wajumbe wa Tabora kwa hoja mwaka 1958 aliongoza Serikali ambayo mwaka 1962 ilitunga Sheria ya Kuwekwa Kizuizini, mwaka 1965 ikaondoa vyama vingine, na mwaka 1973 ikaamuru wakulima wahame. Hakubadilika kuwa mwizi wala mlafi. Aliondoka madarakani kwa hiari mwaka 1985 bila kujilimbikizia mali. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa na uwezo wa kumwambia hapana walipungua mwaka hadi mwaka. Kama uadilifu wa kiwango kile haukutosha kuzuia madhara, nani kati yenu atatuomba tutegemee uadilifu wake peke yake? Serikali yenyewe ililiona kosa hilo: sheria za 1982 zilirudisha halmashauri na vyama vya ushirika, mwaka 1984 Katiba ikawekewa haki za msingi, na ndipo pia ukomo wa vipindi viwili vya urais ulipowekwa.

Mkulima wa tumbaku hapangi daraja la tumbaku yake mwenyewe. Anaifunga mitumba, anaipeleka sokoni, na mteuzi ndiye anayesema ni daraja gani, hata kama mkulima ni mwaminifu kuliko watu wote wa kijiji. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa tusi. Kiongozi naye apimwe na mwingine, na asiuone upimaji huo kuwa uasi.

Nirudi katika yanayotendeka sasa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na kwa sababu hiyo wananchi wameanza kuzungumzia "saa 48" kama kwamba ni adhabu iliyopo katika vitabu. Siyo. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu anayetenda kosa la jinai au anayeelekea kuvunja amani, na saa 48 ni ukomo ambao ukifika mtu huyo lazima awe amefikishwa mahakamani au ameachiwa. Haukuwekwa kwa ajili ya mhandisi aliyechelewa kumaliza barabara, mwalimu aliyejibu kwa ukali, wala mwanakijiji aliyeuliza fedha za zahanati ziko wapi. Mnapoutumia hivyo mnamfunga mtu bila kesi, na Ibara ya 13 ya Katiba, inayotaka kila mtu asikilizwe kwa haki na asichukuliwe kuwa mkosaji kabla ya kuthibitishwa hivyo, inakuwa imevunjwa na yule aliyeapa kuilinda. Wapo watakaosema waliokamatwa ni wazembe kweli. Huenda ni kweli. Kwa mzembe kuna mamlaka ya nidhamu, kuna barua ya kujieleza, kuna kamati, kuna rufaa; ni taratibu za polepole, nakubali, lakini zinamkinga pia mtumishi mwadilifu aliyekataa kusaini malipo ya uongo na sasa anashitakiwa jukwaani na yule aliyemkatalia.

Vivyo hivyo katika michango. Ibara ya 138 inakataza kutozwa kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Wananchi wanaweza kukubaliana katika mkutano wao kuchangia darasa au nyumba ya mwalimu, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kujitolea kumelijenga taifa hili. Lakini kiwango kinapopangwa ofisini, kikatangazwa kama amri, kisha mgambo wakapita kuchukua baiskeli au mbuzi wa asiyekuwa nacho, jina la mchango halifai tena.

Kuna jambo jingine linaloonekana dogo, nami naliona kubwa. Kila mradi mkoani una jina la mtu. Tunaambiwa fulani ametoa fedha za kituo cha afya, fulani ametuletea maji, fulani ametupa barabara, na wazee wanasimamishwa kushukuru. Waheshimiwa, fedha hizo zimetoka katika kodi ya sukari na sabuni, katika ushuru wa mazao tunaouza, na katika mikopo ambayo wajukuu wetu wataendelea kuilipa. Kwa mujibu wa Katiba haziwezi kutoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina kwa sababu mtu mmoja amependa. Zinatoka kwa idhini ya Bunge. Lugha ya zawadi ina madhara: aliyepewa zawadi haulizi bei yake. Mwananchi aliyezoeshwa kushukuru kwa kituo cha afya atauliza kwa mdomo gani kwa nini milango yake imevimba na kupasuka kabla ya mwaka kwisha?

Wabunge wetu ndio walioathirika zaidi na lugha hiyo. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na hiyo peke yake ni kazi ya kumchosha mtu. Lakini nasi wapiga kura tumewageuza kuwa wafadhili wa misiba, jezi, mabati na ada, na tangu Sheria ya Mfuko wa Jimbo ya 2009 mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayopanga matumizi ya sehemu ya fedha za maendeleo jimboni. Anayegawa fedha za Serikali asubuhi atapata wapi ukali wa kuihoji Serikali hiyohiyo jioni? Siwalaumu peke yenu, maana mahitaji tunawapelekea sisi. Ninachoomba ni kwamba mtakapokuja majimboni mtuambie mliuliza nini, mlipinga kifungu gani, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilisema nini juu ya halmashauri yetu, na ninyi mlifanya nini baada ya kuisoma. Mabati tutayajadili baadaye.

Lipo pia suala la uchaguzi wenyewe, na nitalisema kwa heshima lakini bila kulizungusha. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, na tena ule wa 27 Novemba 2024, kwa matokeo yaliyotangazwa chama kimoja kilipata angalau asilimia 99 ya vijiji, baada ya malalamiko mengi ya wagombea wa vyama vingine kuenguliwa kabla ya siku ya kura. Katiba yetu hairuhusu mgombea binafsi. Maana yake kwa mwenyekiti wa kijiji ni kwamba mtu anayeweza kumwondoa si jirani yake, bali ni wale wanaopitisha jina lake katika chama. Mwenye akili atamsikiliza nani? Ninyi mnaoongoza halmashauri zisizo na sauti ya upinzani hata moja mna wajibu mzito zaidi wa kujitafutia wa kuwapinga: mruhusu madiwani wenu wajadili bajeti hadi usiku ikibidi, msiwaite wasaliti wanapokataa taarifa, na msimamie wagombea wa chama chochote wapokelewe fomu zao kwa haki uchaguzi mwingine utakapofika.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache, ambayo yote yako ndani ya uwezo wenu na hayahitaji bajeti mpya.

Mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote waliofikisha miaka 18, unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wakuu wa Wilaya, badala ya kuuliza katika ziara zenu ni kero gani zilizopo, ulizeni muhtasari wa mkutano wa robo iliyopita. Mkikuta haupo, hiyo ndiyo kero ya kwanza, na mwenyekiti na mtendaji waeleze mbele ya wananchi kwa nini. Mkikuta upo, usomeni, mwone wananchi waliamua nini, na mwagize kwa maandishi, kupitia kwa Mkurugenzi, uamuzi huo utekelezwe. Mtagundua kwamba kero nyingi mnazoletewa zilikwisha kuamuliwa na watu wenyewe, zikakwama katika faili la mtu.

Wakurugenzi, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la saba anakielewa, yakionyesha kiasi kilichopokelewa, aliyelipwa, na kazi aliyolipwa. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwemo, pamoja na majina ya vikundi vilivyopata. Si siri, ni fedha yetu.

Na juu ya ardhi naomba msisitizo wa pekee, maana malalamiko yanaongezeka katika wilaya zetu zenye misitu na malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Haitoshi mwenyekiti, mtendaji na mgeni mwenye gari zuri kukutana ofisini na kugonga muhuri. Kiongozi yeyote wa ngazi ya juu anayekipigia simu kijiji akihimiza mwekezaji apewe eneo haraka, hata kama anaamini mradi huo una manufaa, aende mwenyewe akakae katika mkutano huo, aieleze hoja yake, aulizwe maswali, na asubiri mikono inyanyuliwe. Akishindwa, arudi ofisini kwake, na asiwepo mwanakijiji atakayeitwa kituo cha polisi wiki inayofuata kwa sababu mkono wake ulinyanyuka upande wa hapana.

Mkutano wa robo hii katika kijiji chetu bado haujatangazwa. Nimemwandikia mtendaji kuuliza tarehe, na nitaendelea kuuliza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu mstaafu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku,
Wilaya ya Urambo, Tabora